Nyambizi ya Mzee Nassor

Mlipokuja kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nakushukuruni, lakini jamani, mtu mumemstaafisha halafu mnampa saa, awahi wapi? Nimeitundika, inakwenda vizuri. Siku ile ile mwenzenu mmoja akanambia, "Bi Zuwena, tuandikie mambo yako ya kazini kabla hujayasahau." Sijayasahau wala sina nia ya kuyasahau. Lakini nimeona nikuandikieni, kwa sababu nyinyi vijana wa karakana hodari wa kuagiza kipuri kipya, na kile kibovu hamkifungui hata kukiangalia kimeharibika nini. Vyeo na mishahara sitavitaja. Mishahara mnaijua wenyewe, na vyeo nilipewa vyote kazi yake nikiwa nimeshaifanya miaka.

Nitakuandikieni habari ya vile vyombo vidogo vya kuendesha kwa redio, vile mnavyoviona juu ya kabati langu mnapokuja Idi. Wengi wenu mnadhani ni ukongwe umenirudisha utotoni. Sivyo. Nilianza nikiwa msichana, kazini, na aliyenitia wazimu huo ni Mzee Nassor, fundi aliyenifunza kila ninachokijua.

Niliingia karakana ya serikali hapa Chake Chake miaka michache baada ya Mapinduzi, natokea kwetu Mtambile, skuli nimemaliza mwaka mmoja nyuma. Mkuu wa karakana aliniangalia kuanzia buibui mpaka viatu, akaniuliza najua kufanya nini. Nikamwambia najua hesabu, na najua kusuka ukili. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, "Basi nenda kwa Mzee Nassor, na yeye anasuka." Nilidhani ananikejeli. Kumbe kweli, mota ya umeme ikiungua hutolewa waya wake wote wa ndani, ukasukwa mwengine mpya mzunguko kwa mzunguko, na Pemba nzima aliyekuwa akiiweza kazi hiyo ni yeye. Pampu za maji, mashine za kukobolea mpunga, feni za hospitali, zote zilikuja kwake zikinuka moshi.

Mzee Nassor alikuwa mwembamba, suruali ya kaki siku zote, kanzu Ijumaa, na penseli sikioni ambayo mara nyengine aliisahau mpaka msikitini. Watu wake asili yao Oman. Kabla ya Mapinduzi walikuwa na mashamba ya mikarafuu upande wa Gando. Baadaye mashamba yakagaiwa watu eka tatu tatu, na yeye akabakiwa na nyumba Tibirinzi na mikono yake. Sikumsikia hata siku moja kuyalilia yale mashamba. Alilolilalamikia ni waya mbovu. Waya mbovu ukimjia alikuwa anaweza kukaa nusu saa anausema peke yake.

Miezi miwili hakuniacha nisuke. Alinipa mota zilizoungua nizifumue. Kazi yangu kutoa waya ulioungua, kuhesabu kila mzunguko, na kuandika katika daftari. Vidole vyeusi, buibui linanuka vanishi iliyoungua, mama yangu nyumbani ananiuliza kama nimeajiriwa serikalini au kwa muuza makaa. Nikikosea mzunguko mmoja ananirudishia koili, lile bunda la waya, nihesabu upya. Mwanzo nilidhani anabahatisha tu. Siku moja nikaligeuza daftari lake, nikakuta kila mota aliyonipa yeye keshaihesabu mwenyewe kabla yangu. Nilimchukia kwa siku nzima. Lakini tangu hapo sikukosea hesabu tena, na nyinyi mnaohesabu huku mnazungumza kwenye simu, haya yanakuhusuni.

Nyuma ya karakana palikuwa na birika la saruji la kukingia maji ya mvua, refu hatua kumi hivi. Siku yangu ya kwanza, baada ya sala ya adhuhuri, wakati wenzetu wanajinyoosha kivulini, nikamwona Mzee Nassor amechuchumaa ukingoni mwa birika na kisanduku cha bati mapajani. Majini kulikuwa na mashua ya urefu wa mkono, ya mti wa msufi, inakwenda peke yake. Ikafika mwisho wa birika, ikageuka, ikarudi. Hakuna uzi, hakuna tanga. Nikasema, "Audhubillahi." Akanijibu bila kunitazama, "Audhubillahi ya nini? Mota ya gramafoni na betri mbili za tochi. Kaa uangalie."

Nikakaa, na ndiyo kukaa huko huko mpaka leo. Mjue siku hizo hakuna rimoti za dukani. Kisanduku alikitengeneza mwenyewe kwa transista za redio mbovu. Kilikuwa na eriali ya urefu wa fimbo na kitufe kimoja tu. Ukibonyeza, mashua inageuka kulia. Ukiachia, inanyooka. Ukibonyeza mara ya pili, kushoto. Ukikishikilia muda mrefu, mota inazima. Ndani ya mashua palikuwa na kipande cha simu ya zamani kilichoitikia kila kitufe kilipobonyezwa, kinasema tak. Sasa uzito ulikuwa hapo: lazima ukumbuke umebonyeza mara ngapi. Ukisahau, unataka kulia inakwenda kushoto, inagonga saruji. Mzee Nassor alikuwa akisahau, kwa sababu kila mara anawaza mengine. Mimi sikusahau. Hesabu aliyonifunza kwa mota niliitumia birikani, na baada ya mwezi nilikuwa naiendesha vizuri kuliko yeye. Hilo halikumpendeza sana, lakini alilificha vizuri.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Hamadi, fundi wa magari, ambaye baba yake alitoka bara kuja kuchuma karafuu akabaki. Hamadi alikuwa na mdomo. Kila siku akitupita alisema, "Hao watu wazima na mashua yao. Lini mtanipakia humo niende harusini?" Lakini alikuwa ndiye anayetuletea mipira ya ndani ya baiskeli na grisi, na siku mashua ilipokwama katikati ya birika alikunja suruali akaingia yeye, hakungoja kuombwa.

Mwaka wa tatu Mzee Nassor akachoka na chombo kinachoelea. Akasema sasa anataka kinachozama na kurudi. Nyambizi. Tukachukua makopo mawili ya maziwa ya unga, tukayaunga kwa lehemu, mbele tukatia ncha ya bati na ubavuni mapezi mawili ya kuinama. Sisi karakana tukamwita Kasa, kwa sababu kama kasa wa baharini hukaa chini kidogo kisha huja juu. Ufundi wake ulikuwa huu: mwenyewe ni mwepesi, huelea kwa kiasi cha kidole. Mota ikizunguka, mapezi yanamvuta chini. Ukiizima mota, anapanda. Kwa hiyo hata betri zikifa hapotei.

Kazi kubwa ilikuwa maji kuingia. Miezi tisa tulihangaika na tundu moja, pale mhimili wa panga, lile la nyuma linalosukuma maji, unapotoka nje. Tulijaribu nta, lami, ngozi. Mwisho tukatia kijibomba cha shaba kilichojaa grisi na kipande cha mpira wa baiskeli nyuma yake. Na nikufunzeni jambo: kopo ukitaka kujua linavuja wapi, usilitie maji ya baridi ukangoja. Lizamishe kwenye maji ya moto. Hewa ya ndani inatanuka, na tundu litakuonesha mapovu lenyewe. Niliwaona mwaka jana mnatafuta uvujaji wa boksi la pampu kwa kulipuliza mdomo, nikaona haya kwa niaba yenu.

Siku Kasa alipozama mara ya kwanza birikani, akapita chini mbele ya macho yetu, akageuka kulia, nikazima mota akaibuka, Mzee Nassor alivua kofia akajifuta uso. Hamadi ndiye aliyepiga kelele mpaka mkuu wa karakana akachungulia dirishani.

Sasa kosa. Mzee Nassor alikuwa akichukua kisanduku nyumbani kwake Tibirinzi jioni kukirekebisha. Kila alipobonyeza kitufe, redio za majirani zililia piii. Na saa aliyopenda kufanya kazi hiyo ni ile ile ya matangazo ya vifo, ambayo nyumba nzima hunyamaza, mtu anategea sikio kama ni wa kwao. Watu wanasikia "tunasikitika kutangaza kifo cha," halafu piii. Wiki mbili. Kama ungekuwa mpira wangesamehe. Sijui nani aliyekwenda kusema, na sikutaka kujua, maana hao ni majirani na tuliendelea kuzikana. Lakini nyakati zile, mtu mwenye watu wake Arabuni, ana mtambo wa kurusha mawimbi ndani ya nyumba, na anatengeneza chombo kinachokwenda chini ya maji, hata wewe ungemfikiria nini?

Walikuja wanaume wawili asubuhi ya Jumamosi, tumemaliza chai. Walimwita kwa adabu, akaweka pasi ya kulehemu mahali pake, akaniambia, "Usiiache ikiwaka," akatoka nao. Walichukua kisanduku na Kasa pia. Hamadi alisimama mlangoni na spana mkononi.

Mchana nilikwenda kwa mkewe, Bi Salma. Alikuwa amekaa juu ya mkeka na nguo za mumewe zimekunjwa mbele yake. Akanambia, "Wamesema Alkhamisi meli ikiondoka wanampeleka Unguja akahojiwe huko." Sote tulijua maana yake. Waliopelekwa Unguja siku hizo wapo waliorudi baada ya wiki, na wapo waliorudi baada ya miaka, na Mzee Nassor alikuwa na pumu.

Jumapili nikaitwa mimi. Nilikwenda na Hamadi, na Mungu amrehemu kwa hilo, kwani hakuitwa na hakuwa na haja ya kujionesha. Nilipokewa na mkubwa mmoja nitakayemwita afande tu, mtu mzima, mpole wa sauti, jambo lililonitisha zaidi. Kasa alikuwa juu ya meza yake kati ya mafaili.

"Mzee wako anasema huu ni mchezo," akasema.

"Ni mchezo, afande."

"Anasema wewe ndiye unayeuendesha vizuri kuliko yeye."

Nikasema ndiyo. Hata pale, wallahi, nilifurahi kidogo.

"Basi Jumatano maji yakijaa utatuonesha, pwani. Baharini. Tuone mchezo wenyewe ukoje." Akanisukumia Kasa na kisanduku. "Chukua ukavitengeneze. Visipotee."

Tukatoka. Mimi nilitoka na furaha, msicheke. Niliona mlango umefunguliwa. Nikiwaonesha jinsi kinavyozama na kuibuka na kugeuka, wataona ni ufundi wa watu wanaopenda ufundi, hakuna barua wala njama, na watamwachia. Ndivyo nilivyofikiri. Niliamini kwamba kitu kikifanya kazi vizuri kila mtu atakipenda kama ninavyokipenda mimi.

Siku nne zile sikufanya kazi nyengine, na mkuu wa karakana alijifanya haoni. Nilifungua kisanduku nikakaza kila waya. Nikabadilisha grisi. Hamadi akaniletea betri mpya, sikumuuliza amezitoa wapi. Nikamjaribu Kasa birikani Jumatatu, Jumanne, na Jumatano asubuhi. Alitii kila amri. Nilimzamisha, nikampeleka mpaka mwisho, nikamgeuza, nikamwibua pale pale nilipotaka. Hamadi akasema, "Mzee analala kwake leo." Nami nikasema inshallah.

Alasiri tukashuka pwani, pale mkono wa bahari unapoingia mpaka karibu na mji, mikoko kila upande. Afande alikuwepo na watu wake watatu, na Mzee Nassor kasimama kati yao, amekonda kwa siku nne tu, kofia hana. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akanijibu "Marahaba, mwanangu," na akatazama majini.

Nikamweka Kasa, nikawasha mota. Akaenda vizuri, lakini akawa hazami. Mapezi yanamvuta, mgongo bado uko nje kama nazi. Kilichonipata ni hiki: maji ya bahari ni mazito, yanabeba kuliko maji ya mvua, na mimi nilimpima kwa maji ya birika. Mtoto wa mvuvi yeyote angeniambia. Mimi niliyekulia Mtambile na watu wanaokwenda pwani kila siku, sikulifikiria, kwa sababu maisha yake yote Kasa tulimwona birikani.

"Kulikoni?" akauliza afande.

Nikasema, "Anataka uzito kidogo tu." Hamadi akakimbia kwa wavuvi, akarudi na risasi za mshipi, vile vizito vya kuzamishia ndoana. Nikafunga moja, nikafunga ya pili, nikaongeza ya tatu. Nikamrudisha majini. Mara hii akazama. Akapotea chini, maji yakatulia juu yake, na mimi nikashusha pumzi.

Nikabonyeza kulia. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, nikashikilia azime mota aibuke. Hakuibuka. Nikaingia majini mpaka magotini na buibui langu, eriali nimeielekeza pale alipozamia, nikibonyeza, nikibonyeza. Kisanduku kilikuwa kizima, taa yake inawaka. Kasa hasikii. Halafu mmoja wa wale vijana wa afande akanyoosha kidole. Hatua ishirini pembeni, katikati ya mizizi ya mikoko, tope lilikuwa linaruka. Kasa alikuwa amejichoma pua kwenye matope, panga linazunguka nje ya maji, linatupa tope juu kama kuku anayejikoga mchangani.

Wakacheka. Afande alicheka mpaka akatoa leso. Na mimi nikalia. Sikulia kidogo. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wanaume sita, tope mpaka mapajani, nikisema, "Birikani kinafanya kazi! Wallahi birikani kinafanya kazi!" Nilikuwa naona nimempakia Mzee Nassor melini kwa mikono yangu.

Afande alipomaliza kujifuta macho akamgeukia Mzee Nassor. "Mzee, chombo hichi kisichovuka mikoko ndicho watu wanambie kitapeleka barua Mombasa?"

Mzee Nassor akasema, "Ni mchezo, afande. Nilikwambia."

Jumatano ile ile usiku haujaingia alikuwa kwake. Alkhamisi meli iliondoka bila yeye. Kisanduku kilibaki kwao, hakikurudi. Kasa nikaambiwa nikamtupe, nikamchukua kwetu. Mzee Nassor karakana hakurudishwa; alipewa barua ya kupumzika, akakaa barazani Tibirinzi akitengeneza redio na pasi za watu, wakiwemo wale wale waliosikia piii. Mota za Pemba nikawa nazisuka mimi. Kila nilipokwama nilikwenda kwake, akanifunza kwa maneno, kwani waya wa mota hakutaka tena kuushika. Habari ya pwani hatukuizungumza. Mimi niliona haya kwa kushindwa kwangu, nikaona tumeokoka kwa bahati na kwa kichekesho, na kila nikikumbuka nilivyolia pale nilitamani ardhi inimeze.

Ikapita kama miaka kumi na moja. Nimeolewa, nina watoto, mashua hazinitoki kichwani. Shemeji yangu akaja kutoka Maskati na kigari cha rimoti cha watoto wangu. Watoto walikiona siku mbili. Ya tatu nilikuwa nimeshakifungua, na redio yake nimeitia ndani ya Kasa. Nikaenda naye pwani, mara hii nimempima uzito vizuri kwa maji ya bahari. Akazama, na akawa hasikii. Vile vile kama siku ile. Redio nyengine, kisanduku chengine, ugonjwa ule ule.

Hapo nikasema hapana, hili si bahati mbaya. Nikajaza pipa la plastiki maji ya mvua uani. Nikazamisha redio ndani ya chupa iliyozibwa, nikabonyeza: inasikia mpaka chini kabisa. Nikaanza kutia chumvi, kilo moja, nikikoroga kwa mwiko. Mama mkwe wangu alitoka jikoni akaniangalia. "Zuwena, unatia papa chumvi? Papa yuko wapi?" Nikamwambia papa anakuja. Kilo ya pili, redio inasikia kwa shida. Ya nne, chupa ikizama kiasi cha kiganja, kimya. Nikafika kilo saba, maji yana ladha ya bahari. Kiziwi kabisa. Nikairudisha juu ya maji, ikasikia. Nikaishusha, kimya. Nilirudia mpaka nikachoka. Maji ya chumvi yanameza mawimbi ya redio. Ndiyo maana nakwambieni, mkitaka kuongoza chombo chini ya bahari, fungeni waya wa eriali kwenye boya liburutwe juu ya maji. Bila ya hivyo mnaitupa betri yenu. Haya nayaandika kama kanuni. Siku ile uani niliyaona kama kofi, maana nilimkumbuka Mzee Nassor alivyokuwa akitazama majini, bila ya wasiwasi.

Nikavaa buibui nikaenda Tibirinzi. Nilimkuta barazani, ana pasi ya mtu mapajani. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema moja kwa moja.

"Mzee, chumvi inameza mawimbi."

"Eeh," akasema. "Umejuaje?"

"Kwa pipa na kilo saba za chumvi. Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja karakana. Chombo changu cha kwanza kilivuja baharini Wesha; kilipozama tu hakikunisikia tena, kikapotea. Mara ya pili nikafanya kama wewe, lakini mimi nilitumia sufuria, Bi Salma akanigombeza."

"Kwa hiyo siku ile pwani ulijua Kasa hatasikia."

Akaweka pasi chini. "Afande alitaka umwoneshe birikani, karibu na ofisi. Mimi ndiye niliyemwambia akijaribu baharini. Nikamwambia, mnasema nakipeleka baharini, basi kipelekeni mukione. Lau angekiona birikani, Zuwena, kinazama, kinageuka, kinaibuka kwa amri ya mtu, unadhani angesema ni mchezo? Kingetii, ningepanda meli."

Siku nne zile, kila waya niliokaza, kila tone la grisi, nilikuwa namfungia mlango mwenyewe.

"Mbona hukunambia? Bi Salma alikuwa anakuletea chakula kila siku. Neno moja tu!"

"Ningekwambia, ungefanya nini? Ungesimama pale ujifanye unahangaika. Wewe uso wako, mwanangu, ukiwa na jambo hata paka anajua. Nilimhitaji mtu anayetaka kwa roho yake yote kitu kile kifanye kazi. Sikuwa na mwengine." Akaichukua tena ile pasi. "Ulipolia, afande aliamini. Mimi niliona haya. Niwie radhi."

Nikamwambia nimemuwia, na nikainuka haraka kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilimpenda mzee yule kama baba, na nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili viliendelea mpaka tulipomzika. Sioni sababu ya kukufichieni.

Kuna jambo sikumwambia yeye, wala mtu mwengine mpaka leo. Siku zile nne niliweka nadhiri. Kila baada ya sala nilikaa juu ya msala nikamwomba Mola Kasa atii mbele ya afande, na nikaahidi kwamba akitii nitafunga siku tatu. Hakutii. Nikaona dua yangu imetupwa, nikanuna, sikufunga hata moja, na miaka kumi na moja nilikuwa na kinyongo ambacho sikuthubutu kusema ni juu ya nani. Siku niliyotoka barazani kwa Mzee Nassor ilikuwa Jumapili. Nilipita dukani nikanunua tende, na Jumatatu nikaanza kufunga.